Prof Jay alikuwa mkali kweli au ni wakubwa tu mnakumbuka ujana wenu?

bwanamdogo_04

Wakuu salama? Mimi ni wa 2004, kwahiyo ngoma kubwa za huyu mzee nyingi zilitoka sijazaliwa au nikiwa nanyonya. Juzi kijiweni tunapopaki boda ukazuka ubishi wa nani rapa bora wa muda wote Bongo, mabraza wote wa makamo wakasema Profesa Jay, tena bila hata kufikiria. Mimi nikataja Fid Q, nikataja Joh Makini, nikataja Nikki Mbishi, nikaambiwa nyamaza wewe hukuwepo. Sasa jamani kutokuwepo nayo ni hoja?

Nimeenda YouTube nimesikiliza Ndio Mzee. Sawa inachekesha, lakini mbona flo imenyooka tu, vina viko mwishoni tu, hamna ile mistari unarudisha nyuma mara tatu ndo unashtuka kumbe jamaa alimaanisha kitu kingine. Kila kitu kiko wazi kama taarifa ya habari. Naombeni mnieleze kwa hoja, alifanya nini ambacho wenzake hawakufanya? Na ile ya ubunge ilikuwaje, na kuumwa kwake pia nasikia juu juu tu. Matusi sitaki na msinitume Google, nimeshaenda.

mzee_wa_kaseti

Dogo swali lako zuri, na hao mabraza wamekosea kukunyamazisha. Ila hiyo ya "kila kitu kiko wazi" unaisema kama kasoro, wakati ndo kazi yenyewe aliyoifanya.

Ngoja nikurudishe nyuma kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 90 rap huku ilikuwa ya watoto wa mjini wenye ndugu Ulaya wa kuwatumia kaseti, na wengi walichana Kiingereza. Saleh Jabir mwaka 1991 akashangaza watu kwa kuweka Kiswahili juu ya biti ya Mmarekani, wakawepo Kwanza Unit, wakawepo Diplomatz, afu 1994 Radio One ikaja na hawa vijana wakapata pa kusikika, maana kabla ya hapo redio ilikuwa ya serikali na ungesubiri sana kusikia mtu anachana mle. 1995 Sugu, enzi hizo anaitwa 2Proud, akatoa Ni Mimi. Kwahiyo mtu asikudanganye kwamba Jay ndo alianzisha rap ya Kiswahili, hapana.

Yeye alikuwa kundi la Hard Blasters, HBC, na Fanani na Big Willy, jina lake la wakati ule lilikuwa Nigga Jay. Wakatoa albamu ya Funga Kazi kwa prodyuza P-Funk pale Bongo Records, ndani yake kuna Chemsha Bongo. Hiyo ngoma ilipita mitaani kama moto, hadi leo ukiipiga kwenye harusi ya watu wa rika langu utaona watu wazima wanaacha sahani. Afu 2001 akatoka peke yake na Machozi Jasho na Damu, na jina limeshabadilika amekuwa Profesa. Usilichukulie poa hilo la jina, mzazi gani angemruhusu mwanae anunue kaseti ya mtu anaitwa Nigga?

Na hapo ndo penyewe. Rap kwa wazazi wetu ilikuwa uhuni. Suruali zinashuka, mtoto anaongea haeleweki, ataishia kubwia unga. Nyumbani kwetu redio ilikuwa ya mzee na mzee alikuwa mtu wa Msondo, ile bendi ya dansi ya zamani, ukigusa ile spika jua umetafuta ugomvi. Ndio Mzee ilipopigwa hakuzima. Alisikiliza yote, akacheka, akauliza huyu kijana ni nani. Kuanzia siku hiyo sikuficha tena kaseti chini ya godoro. Sasa niambie Fid Q (na mimi Fid Q namkubali sana) ni mzee gani wa Msondo aliwahi kuacha kijiko kumsikiliza? Mistari ya Fid ni ya watu wenye hamu ya rap tayari. Jay aliandika kwa ajili ya watu wasiokuwa na hamu nayo kabisa, na hao ndo wengi, na bila hao hii biashara mnayoiona leo isingekuwepo.

chizi_mistari

Nimekusoma mzee wa kaseti na nakubali nusu. Hiyo nusu nyingine naipeleka kwa Sugu. Hali Halisi ilishasema shida za wananchi kabla, bila kuchekesha mtu. Kina sisi tuliokuwa Mbeya tulishaamini kitambo kwamba rap ni sauti ya watu wa chini, hatukusubiri mtu wa Dar atuambie. Mnapenda sana kumpa Jay taji la peke yake.

Ila dogo twende kwenye mistari maana ndo umeuliza. Unatafuta vina vya katikati na maneno ya maana mbili, kwa Jay utakesha. Tafuta wahusika. Yule jamaa ni mwandishi wa maigizo aliyekosea mlango akaingia studio. Ndio Mzee ni mkutano wa kampeni, mgombea yuko jukwaani anajinadi, anaahidi wanafunzi watafanya practical mwezini, umati unaitikia ndio mzee. Imetoka 2001, uchaguzi wa 2000 bado uko mdomoni kwa watu. Sasa angalia ujanja wake. Yule mgombea hatukanwi hata mara moja, Jay hasemi wanasiasa waongo, hasemi amkeni. Anakuachia umsikie mwenyewe jinsi anavyojiamini, kila ahadi inazidi ya nyuma yake. Na korasi anakupa WEWE. Ukiiimba umeshageuka yule mwananchi anayeitikia kila upuuzi. Nchi nzima tuliimba, tena kwa raha zote, na ni sisi tuliokuwa tunachekwa. Niletee mstari wa maana mbili unaofika hapo.

Afu akaja na Siyo Mzee, mgombea ni yule yule na umati ni ule ule, ila safari hii wanakataa. Hapo korasi ndo imebadilika na hadithi nzima imebadilika nayo. Hizo mbili usizitenganishe, sikiliza moja baada ya nyingine bila kuweka kitu kingine kati.

Zali la Mentali na Juma Nature, choka mbaya kapendwa na mtoto wa kishua, mtaa mzima haujiwezi kwa mshangao. Nikusaidiaje na Ferooz, dharau zimegeuka kibao, waliomkwepa juzi wanapanga foleni. Kila ngoma ina mtu, ina mahali, ina mwanzo na mwisho, ungeweza kuichukua ukaigiza shuleni na watu wengi tu waliigiza.

kisauni_finest

Mimi mwenzenu niko Mombasa, nimeona uzi nikasema lazima niweke neno. Huku pwani hizi nyimbo zilifika na zikakaa, kwenye matatu za Kisauni ulikuwa huwezi kuzikwepa, na sisi Kiswahili chake tulikifuata chote bila taabu, jambo ambalo rap ya Nairobi wakati ule kwa Sheng yake haikutupa sana watu wa huku.

Lakini nataka kuwaonyesha kitu. Sisi 2002 tulikuwa na Unbwogable ya Gidi Gidi Maji Maji, wimbo wa vijana wawili wanaojisifu kwamba hawatishiki, wakaja NARC, muungano wa upinzani, wakauchukua ukawa wimbo wa kampeni na Kibaki akaingia ikulu. Wimbo mkali, sina ubaya nao. Ila ulichukulika, unaona? Mwanasiasa yeyote anaweza kusimama akasema mimi ndiye nisiyetishika. Sasa niambieni ni mwanasiasa gani angethubutu kupiga Ndio Mzee kwenye mkutano wake. Labda awe amelewa. Huo wimbo umefungwa kwa ndani, hakuna chama kinachoweza kuuiba. Mimi hapo ndipo nampa huyo bwana heshima yake.

binti_wa_kilosa

Hahaha Kisauni umenifikisha kwenye mada yangu. Mnasema hakuna mwanasiasa angeupiga, basi mwenye wimbo mwenyewe alikuja kuwa mwanasiasa, tena kwetu.

Mimi ni mpiga kura wa jimbo la Mikumi. Mkisikia Mikumi nyie mnawaza tembo na twiga wanaoonekana kwenye basi la Iringa, sisi tuko humo humo wilaya ya Kilosa tunalima, tuna shida za maji na barabara kama watu wengine. 2015 akaja kugombea kwa CHADEMA, ule mwaka wa UKAWA, muungano wa vyama vya upinzani, vurugu tupu kila kona. Joseph Haule kwenye karatasi ya kura, Profesa Jay kwenye midomo ya watu. Wakati huo Sugu alishakuwa mbunge wa Mbeya Mjini tangu 2010 kwahiyo watu walishazoea wazo la rapa bungeni, haikuwa kichekesho kama ingekuwa miaka kumi kabla.

Sasa fikirieni tu. Mtu aliyewafundisha watu wa nchi hii kucheka ahadi za jukwaani, kapanda jukwaani, na yeye lazima aahidi kitu, hamna mgombea anayesimama akasema nitajaribu tutaona. Wazee wa kwetu walikuwa hawachelewi, akitamka tu barabara kuna mtu nyuma kule anaitikia ndio mzeee ile ya kuvuta, watu wanavunjika mbavu. Na hakukasirika, alikuwa anacheka nao, na mimi nadhani hilo lilimsaidia kuliko mabango yote. Alishinda.

Kazi yake kama mbunge? Alisema sana, kule bungeni sauti ile haiwezi kupotea hata maiki ikizimwa. Lakini mbunge wa upinzani hana mfuko wa serikali, anaweza kuuliza swali la maji hadi akauke koo na bomba likaja pale serikali itakapotaka. Kuna waliomwona kafanya makubwa na kuna waliosema tumechagua msanii tukapata msanii. Mimi sio upande wowote, ila mkumbuke 2020 CHADEMA nchi nzima waliambulia jimbo moja la kuchaguliwa, kwahiyo kusema "wananchi wa Mikumi walimkataa" ni kurahisisha mambo. Sugu naye Mbeya ndo hivo hivo. Na siku hizi upande wa pili nao wamejifunza, Mwana FA kaingia bungeni na CCM kupitia Muheza hadi unaibu waziri kapata.

prodyuza_wa_chumbani

Mimi naongezea ya kiufundi maana naona mmeiruka. Vaa hedifoni usikilize anavyotamka. Silabi haimezwi hata moja, hamna neno linalokatwa mkia ili liingie kwenye biti. Marapa wengi wakiona mstari mrefu wanakimbia, yeye anapunguza maneno. Watoto wananiletea vokali humu ndani siwaelewi hadi wanitumie mashairi kwa WhatsApp, na wanadhani ni swaga. Sauti yenyewe nzito, inakaa chini, ndo maana mwenyewe anajiita Heavyweight MC na watu wanamwita Wa Mitulinga. Biti za P-Funk za kipindi kile nazo zilikuwa zinamwachia nafasi, ngoma na besi na kinanda kidogo, hakuna kinachogombana na sauti.

Kingine ni korasi. Jay hajifanyi mwimbaji. Anaweka mwimbaji wa kweli, Nature, Ferooz, afu anakuja na mwenendo wa hadithi kwenye beti. Mnasikia ngoma za leo rapa mmoja mwimbaji mmoja mnaona ni kawaida, basi huko ndo ilikozoeleka. Na alikuwa anaenda kwa wenzake vile vile, Starehe ya Ferooz ile ya ukimwi yumo. Hata alipozeeka hakuwaogopa madogo, 2014 kafanya Kipi Sijasikia na Diamond, na kabla ya hapo Kamili Gado na Marco Chali, unasikia kabisa hajalazimisha kuchana kama kijana wa miaka ishirini. Wenzake wangapi wa rika lake walijaribu kuiga flo mpya wakaishia kuaibika? Majina nayahifadhi, wengine ni wateja.

bwanamdogo_04

Daah kumbe nilikuwa naangalia vina tu. Hilo la korasi kukugeuza wewe mwananchi mjinga sijawahi kulifikiria kabisa, nimeenda kuisikiliza tena nimejikuta naitikia nikajicheka. Halafu @chizi_mistari nimefanya ulivyosema, Siyo Mzee nimeipiga papo hapo, ni kama muvi sehemu ya pili. Ila bado hamjanijibu ya kuumwa.

nesi_wa_zamu

Nitasema yale aliyoyasema yeye mwenyewe hadharani na yaliyotangazwa, zaidi ya hapo sio kazi yangu. Mwanzoni mwa 2022 alilazwa Muhimbili hali ikiwa mbaya sana, figo zikiwa zimefeli. Alikaa ICU siku 127. Kwa mtu asiyefanya kazi hospitali hiyo namba haimwambii kitu, lakini wagonjwa wengi wa ICU huhesabiwa kwa siku, wiki ni nyingi tayari, mtu anayekaa miezi minne na akatoka anatembea duniani tunamwangalia mara mbili. Wasanii wenzake walichangishana, wananchi wakatuma walichonacho kwa simu, baadaye serikali ikasema itabeba gharama za matibabu.

Alipotoka akatoa wimbo, unaitwa Siku 127, yupo na Walter Chilambo yule wa gospo. Huo sio wa kuchekesha. Kaeleza alikopita, na ukisikiliza kwa sikio la mtu aliyewahi kusimama pembeni ya kile kitanda utaona hajaongeza chumvi. Akaanzisha na taasisi kwa jina lake ya kusaidia wagonjwa wa figo. Na hapo naomba mnielewe, kusafisha damu kwa mashine ni kawaida mara tatu kwa wiki, kila mara kama masaa manne umelala hapo, na gharama yake mtu wa kipato cha kawaida bila bima anauza shamba kwanza, afu anauza nyumba. Kwahiyo alichokichagua kukisaidia amekijua akiwa amelala chali.

Na nyie wa boda mnaokunywa zile dawa za maumivu kila jioni bila kuandikiwa na daktari, figo hazipendi. Nimemaliza.

chizi_mistari

Nesi umetupiga na sisi jamani hahaha. Ila kuna kitu umenifungua, Siku 127 ni ngoma ambayo mhusika ni yeye mwenyewe. Miaka yote kachana kwa mdomo wa mgombea, wa choka mbaya, wa nani, hii kachana kwa mdomo wa Joseph. Nilikuwa sijaiweka hivo.

kijukuu_cha_songea

Hamjamtaja kwao hata mmoja? Ni mtu wa Songea huyo, Mwanalizombe hilo jina lake jingine mnadhani katoa wapi, lizombe ni ngoma yetu Wangoni. Hata studio kaiita Mwanalizombe. Mkienda kwenye lizombe mtaona kuna anayetoa maneno na kuna kundi linalojibu, basi rudini kwenye korasi zenu mnazozichambua.

chizi_mistari

@kijukuu_cha_songea kila kabila Tanzania hii lina ngoma ya kutoa na kujibu kaka, usitubebee Jay peke yenu.

kijukuu_cha_songea

Sawa kila kabila linayo, ila Profesa katoka kwetu. Endelea na Sugu wako.

bwanamdogo_04

Wakuu nimeshiba. Nakubali ni mwandishi, tena mkubwa, naweza hata kwenda kuwaambia kijiweni. Lakini mtaniwia radhi, kwa kuchana kama kuchana, bado namweka Fid Q juu. Na Zali la Mentali nimesikiliza, sijaona cha kupagawa, mbona ni hadithi tu ya bahati?

mzee_wa_kaseti

Mweke Fid juu, hakuna atakayekupiga. Ila kuhusu Zali, dogo, wewe ushawahi kupendwa na mtoto wa Masaki ukiwa huna nauli? Basi ihifadhi hiyo ngoma kwenye simu. Na kijiweni ukifika usiwaambie nimekubali, waulize hao mabraza kwanza albamu ya pili ya Jay inaitwaje na imetoka mwaka gani. Ni Mapinduzi Halisi, 2003. Nakuhakikishia nusu yao watakwambia Machozi Jasho na Damu.